Mlingoti wa mjomba na hesabu ya kugawa kani

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wachache wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na kazi za watu, kisha nikaingizwa katika shughuli ya nyumbani ambayo haikuhusu programu hata kidogo, mpaka ilipoanza kuhusu. Kwa hiyo leo hakuna simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Leo ni nyaya, upepo, na swali moja la fizikia ambalo wengi tulilifanya shuleni tukalipita mbio: ukiwa na kani moja, na umepewa njia mbili za kuigawia, kila njia itabeba kiasi gani?

Kwanza hilo neno kani. Najua wengi mtasema nguvu, na mtaani hata mimi nasema nguvu. Lakini vitabu vya sayansi vya Kiswahili hutumia kani kwa kile kinachosukuma au kuvuta, na nguvu ikaachiwa kazi zake nyingine. Nitafuata vitabu. Kani hupimwa kwa niutoni. Pakiti ya unga ya kilo 2 ukiishika mkononi inakuvuta chini kwa karibu niutoni 20. Na kani si ukubwa tu, ina na upande inakoelekea. Huo upande ndio utakaotusumbua leo.

Haya, kisa chenyewe. Mjomba wangu anaendesha saiba ndogo katika milima ya Taita, pande za Wundanyi. Kompyuta sita, printa moja, mashine ya kufunika vyeti kwa plastiki, na benchi la wanaosubiri. Wateja wake ni wanafunzi, walimu, na watu wanaotafuta huduma za serikali kwenye eCitizen. Intaneti yake ilikuwa ya simu, na siku za ukungu ilikuwa ya kubahatisha. Mwaka 2024 akapata watu wa kumrushia intaneti kutoka kilima cha ng'ambo ya bonde, ila katikati pana mikaratusi ya jirani iliyoziba. Ili dishi lione kilima, lilihitaji kusimama mita 9 juu ya ardhi. Yaani mlingoti wa mabomba ya chuma, ulioshikiliwa kwa nyaya.

Sasa wanaoijua Taita wanajua shida iko wapi. Kiwanja cha mjomba ni chembamba. Nyumba imekaa kwenye tuta lililochongwa mlimani, mbele yako ni paa la jirani, nyuma yako ni shamba la jirani mwingine. Na chini kidogo, baada ya ua, inapita njia ya watoto wa shule ya msingi. Asubuhi na jioni wanapita hapo makundi kwa makundi.

Kijana aliyemuuzia vifaa, ambaye kazi yake ya kulenga dishi anaijua vizuri na sina neno naye, alipendekeza nyaya tatu, kila mmoja ufungwe kwenye kigingi kilicho mita 3 tu kutoka mguu wa mlingoti. Hapo kila kitu kingeingia ndani ya mpaka wa mjomba bila kuomba mtu ruhusa. Tena alikuwa na ushahidi: faili la Excel, alilopewa na mtu mwingine, linaloonyesha kwamba kadiri vigingi vinavyosogea karibu na mlingoti ndivyo waya unavyopata kazi nyepesi. Mjomba alifurahi sana. Lakini mjomba ni mtu wa kuuliza mara mbili, akanipigia.

"Mpwa wangu, wewe si mtu wa kompyuta? Hebu tazama hiki kitu. Kinanipendeza mno, na kitu kikinipendeza mno huwa nashuka moyo."

Nikafungua faili. Lilikuwa safi, lina rangi. Kisanduku kimoja kilisema kani ya upepo juu ya mlingoti: niutoni 1000. Hiyo sikuibishia, kwa sababu ni namba nzuri ya kufanyia hesabu. Ni kama uzito wa kilo 100 hivi ukivuta kwa ubavu. Kani halisi inategemea ukubwa wa dishi na kasi ya upepo, na kasi ikiongezeka mara mbili kani huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 90 kwa saa hugandamiza kwa karibu niutoni 375 kila mita ya mraba, hata kabla hujaangalia umbo la kitu. Kwa hiyo chukueni 1000 kama mfano, kila mtu azidishe na ya kwake.

Tatizo lilikuwa kisanduku cha pili, mvuto wa waya. Fomula yake ilikuwa 1000 mara kosaini ya pembe kati ya waya na ardhi. Kwa kigingi cha mita 3 jibu lake ni niutoni 316. Yaani kama uzito wa kilo 32. Waya wa kuanikia nguo ungetosha!

Jibu la kweli ni niutoni 3162. Mara kumi kamili. Fomula ilizidisha mahali pa kugawanya.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu kosa hili si la kijinga. Linafanywa na watu waliosoma, na linatokana na mfano ule ule tuliofundishwa sote: mzigo juu ya mteremko. Uzito wa mzigo unagawanywa sehemu mbili, moja inayoteleza na mteremko na nyingine inayogandamiza mteremko kwa pembe ya digrii 90. Unazidisha kwa saini hapa, kosaini pale, umemaliza. Wengi tukatoka darasani na kanuni moja kichwani: kipande cha kani ni kani mara kosaini. Na picha moja: kani ni mkate, unaukata, kila kipande ni kidogo kuliko mkate.

Picha hiyo si ya kweli. Muulize mtoto yeyote aliyewahi kubeba mtungi wa maji wa lita 20 na mwenzake, kila mmoja ameshika upande wake. Wakitembea wamebanana, mikono imenyooka chini, kila mmoja anabeba nusu, karibu niutoni 100. Wakianza kuachana, mtungi unakuwa mzito. Mikono ikifika digrii 60 kutoka wima, kila mmoja anavuta niutoni 200, yaani kila mtoto anabeba mtungi mzima. Ikifika digrii 80, kila mmoja anavuta zaidi ya 570! Mtungi haukuongezeka maji. Ila sasa sehemu kubwa ya jasho lao wanavutana wao kwa wao, na ni sehemu ndogo tu inayoinua maji. Hiyo ndiyo siri ya vipande kuwa vikubwa kuliko kitu kizima: vinapingana. Kilichobaki baada ya kupingana ndiyo kani uliyoanza nayo.

Kuzidisha kwa kosaini hukupa kitu kingine. Mimi hukiita kivuli cha kani. Ni kama kumulika kani kwa tochi kutoka ubavuni na kuangalia kivuli chake kinavyolala juu ya waya. Kivuli ni namba halali na ina matumizi yake. Lakini vivuli viwili hujumlika kurudisha kani ya mwanzo pale tu njia zako mbili zinapokutana kwa digrii 90. Mteremko wa shuleni ulikuwa hivyo, ndiyo maana kivuli na kipande vilionekana kitu kimoja. Waya na mlingoti havikutani kwa digrii 90. Kwa kigingi cha mita 3 vinakutana kwa digrii 18 na kidogo.

Kwa mjomba sikutaja kosaini wala kivuli. Nilimwambia, "Mjomba, chukua tepu ya kupimia na karatasi. Chora ardhi, chora mlingoti, chora waya. Umepata pembetatu?" Akasema amepata. "Ardhi kutoka mguu wa mlingoti hadi kigingi ni mita 3, mlingoti mita 9, waya unatoka kama mita 9 na nusu. Sasa upepo unasukuma kwa ubavu, sambamba na ardhi. Ule upande wa ardhi ndio upepo wako. Mita 3 ni niutoni 1000. Basi mita 9 za mlingoti ni ngapi?"

Kimya kidogo. "Elfu tatu."

"Na waya?"

"Elfu tatu na zaidi." Halafu: "Kwa hiyo nikisogeza kigingi, zile mita tatu zinapungua, lakini bado ni elfu moja ile ile."

Basi! Mzee huyu aliacha shule darasa la saba na alikuwa amefika penyewe. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji hata kalkuleta yenye vitufe vya saini. Waya unaweza tu kuvuta kwa urefu wake. Mlingoti uliosimama juu ya mguu usiokazwa unaweza tu kusukuma kwa urefu wake. Kwa hiyo mishale miwili ya kani lazima ilale sambamba na waya na mlingoti, na pamoja iwe sawa na mshale wa upepo. Pembetatu ya kani inakuwa na umbo lile lile la pembetatu ya vitu vyenyewe. Pima vitu, umepima kani. Kigingi kikiwa mita 3, kila mita ni niutoni 333. Kikiwa mita 1, kila mita ni niutoni 1000, na waya unavuta 9055.

Niliandika namba chache nikamtumia mjomba kwa ujumbe wa simu, amwonyeshe kijana. Mlingoti ni mita 9, upepo 1000:

Kigingi mita 9: waya 1414, mlingoti unagandamizwa 1000. (Faili lilisema waya 707.)
Kigingi mita 6: waya 1803, mlingoti 1500. (Faili: 555.)
Kigingi mita 3: waya 3162, mlingoti 3000. (Faili: 316.)
Kigingi mita 1: waya 9055, mlingoti 9000. (Faili: 110.)

Tazameni safu ya faili inavyokwenda. Haikukosea kiasi tu, ilielekea kinyume. Kadiri hatari inavyopanda, yenyewe inashuka ikikutuliza. Na msisahau ile namba ya mlingoti, ambayo faili halikuwa nayo kabisa. Upepo unasukuma kwa ubavu, lakini bomba linagandamizwa kwenda chini kwa mara tatu ya upepo. Bomba jembamba likigandamizwa halipasuki, linapinda katikati ghafla kama rula ya plastiki ukiibana kati ya viganja. Leonhard Euler alichapisha hesabu yake mwaka 1744: ukiongeza urefu wa bomba lisiloshikwa mara mbili, mzigo linaoweza kustahimili unabaki robo.

Niwape kidogo historia, maana naipenda. Kabla ya vitabu vya shule, mtu aliyeliona jambo la mteremko kwa njia ya kupendeza ni Simon Stevin, mzaliwa wa Brugge, katika kitabu alichochapisha mwaka 1586. Aliwaza mnyororo wa mipira 14 iliyo sawa, umezungushwa juu ya kabari ya pembetatu ambayo mteremko mmoja ni mrefu mara mbili ya mwingine. Mipira 4 inalala upande mrefu, 2 upande mfupi, na 8 inaning'inia chini. Je, mnyororo utazunguka? Ukizunguka, kila mpira unachukua nafasi ya mwenzake, hali inabaki ile ile, kwa hiyo utazunguka milele bila kusukumwa. Hilo haliwezekani. Basi umetulia. Ile 8 ya chini inavuta sawa pande zote, iondoe, na unabaki na mipira 4 iliyosawazishwa na 2. Kipande cha uzito kinachoteleza kimepatikana bila kipimo hata kimoja. Mwaka 1687 Newton na Mfaransa Pierre Varignon, kila mmoja kwa kitabu chake, wakaweka kanuni ya msambamba kwa njia zozote mbili, ziwe za digrii 90 au zisiwe. Halafu kuna jambo moja la Stevin linalonigusa mimi ninayeandika blogu hii kwa Kiswahili: kitabu kile alikiandika kwa Kiholanzi, wakati ambapo wasomi waliandika kwa Kilatini, na akajitungia maneno pale alipoyakosa. Kwa hiyo atakayenicheka kwa kusema msambamba, acheke polepole.

Turudi kwenye kompyuta. Kwa wale wanaopenda kuandika programu, kugawa kani kwa njia mbili zozote ni mistari mitano. Kani ni (fx, fy), njia ya kwanza ni (ux, uy), ya pili ni (vx, vy), na kila njia ina urefu wa 1:

def gawa(fx, fy, ux, uy, vx, vy):
    d = ux*vy - uy*vx
    a = (fx*vy - fy*vx) / d
    b = (ux*fy - uy*fx) / d
    return a, b

Hakuna kosaini, hakuna pembe. Jaribuni na mlingoti wetu: kani (1000, 0), njia ya waya (0.316, 0.949) na njia ya mlingoti (0, -1). Mtapata kama 3165 na 3003, tofauti ndogo na namba zangu ikiwa imetokana na kukata desimali. Majibu yote mawili ni chanya, maana yake waya umevutwa na mlingoti umegandamizwa. Waya ukitoa jibu hasi, programu inakwambia waya usukume, na waya hausukumi. Waya huo umelegea, utoe kwenye hesabu, uchukue mwingine.

Angalieni ile d. Njia mbili zikikaribia kuwa sambamba, d inakaribia sifuri, na majibu yanalipuka. Sisi watu wa programu tunaona kosa la kugawanya kwa sifuri tunaweka sharti la kulizuia, tunaendelea na chai. Hapa sifuri ni kigingi kilichofungwa mguuni pa mlingoti. Waya umelala sambamba na bomba, na haijalishi unauvuta vipi, haupati hata niutoni moja ya kupinga upepo. Nikiona d ndogo sasa naona bomba limelala juu ya njia ya shule.

Halafu kuna nyaya tatu. Hili mimi mwenyewe lilinishangaza nilipoliendesha kwenye programu, na nikalirudia kwa mkono. Tazama mlingoti kutoka juu kama ndege. Nyaya tatu zimetawanyika kwa digrii 120. Upepo ukitoka moja kwa moja upande wa kigingi kimoja, waya wa kigingi hicho unabeba wote. Hilo linaeleweka. Sasa upepo ukitoka katikati kabisa ya vigingi viwili, nyaya mbili zinasaidiana. Kila mmoja atabeba nusu, si ndiyo?

Hapana. Kila mmoja anabeba wote, 1000 kwa ubavu, sawasawa na kama angekuwa peke yake. Ni watoto wa mtungi tena, pembe ni ile ile ya 60 kila upande. Na mlingoti, uliokuwa unagandamizwa 3000 na waya mmoja, sasa unagandamizwa na nyaya mbili, 6000! Halafu hali mbaya zaidi kwa waya haiko katika pembe hizo mbili. Iko upepo ukipinda digrii 30 kutoka kwenye kigingi kimoja. Hapo waya wa karibu unabeba mara 1.155 ya upepo, na kwa kigingi cha mita 3 unafika 3651. Mtu aliyejaribu pembe mbili zilizo wazi akaridhika angeikosa.

Nyaya nne zilizotawanyika kwa digrii 90 hazina ugomvi huo. Kutoka juu, njia mbili zinazovuta ziko kwa digrii 90, vivuli na vipande vinarudi kuwa kitu kimoja, na hakuna waya unaobeba zaidi ya upepo wenyewe kwa ubavu. Waya mmoja wa ziada na klipu zake. Kwa hesabu zangu hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote katika mradi mzima. (Hapa nimeacha mkazo wa kuanzia, ule wa kukaza nyaya siku ya kusimamisha. Huo unaongezea mgandamizo kwenye bomba hata siku isiyo na upepo, kwa hiyo fundi anayekaza mpaka waya unalia kama gitaa hakusaidii.)

Bado kigingi chenyewe. Waya unaovuta mlingoti unavuta na ardhi. Kwa mita 3, kigingi kinang'olewa kwenda juu kwa niutoni 3000, uzito wa kilo 300 na kitu. Zege lenye nusu mita kila upande lina karibu kilo 300. Kwa maneno mengine, tofali la zege la ukubwa huo ndiyo linaanza tu kusawazisha, hujaweka akiba yoyote. Mpango ulikuwa kipande cha chuma kilichopigwa nyundo kwenye udongo mwekundu, ambao mvua ya Novemba ikishaunywesha unakuwa uji.

Na mlima nao una lake. Kigingi kikiwa upande wa chini wa mteremko, kipo chini kuliko mguu wa mlingoti, kwa hiyo pembetatu inarefuka. Mita 6 kwa ubavu na mita 2 chini: mlingoti kwenye hesabu si 9 tena, ni 11, na waya unatoka 1803 kwenda 2088. Upande wa juu, mita 2 juu, hesabu inasoma 7, waya unashuka hadi 1537. Ni kigingi cha chini ndicho kinachohitaji nafasi zaidi, na upande wa chini ndipo mjomba hakuwa na ardhi.

Kijana nilizungumza naye kwa simu jioni moja. Nilidhani atakuja juu. Badala yake aliniuliza, "Kaka, kwa hiyo ile milingoti mingine?" Kimya cha pili siku hizo, na hicho kilikuwa kizito kuliko cha mjomba. Alikuwa amesimamisha mitatu kwa faili lile. Mmoja ulikuwa mfupi, wa mita 4, vigingi viko mbali, hauna neno. Miwili alirudi akaiongezea waya na kusogeza vigingi, kwa gharama yake. Sikumwomba afanye hivyo.

Kwa upande wa chini, mjomba alivaa koti akaenda kwa mama jirani. Walizungumza siku mbili, nyingi yake kuhusu mbuzi fulani wa mwaka 2019 ambaye sitamweleza hapa. Mwishowe mama alikubali zege lizikwe pembeni mwa migomba yake, mita 6 kutoka mlingoti, kwa masharti matatu: waya uvishwe bomba la plastiki la rangi ya manjano kufikia urefu wa mtu, migomba isiguswe, na mjukuu wake wa kidato cha tatu atumie saiba bila malipo Jumamosi. Wakaandikiana mbele ya mzee wa kijiji. Jirani wa juu alikubali kwa kikombe cha chai.

Mlingoti ulisimamishwa mwezi wa Septemba 2024, nyaya nne, vigingi mita 6 kila upande. Waya unaobeba zaidi, ule wa chini, unafika 2088 kwa upepo wetu wa mfano, badala ya 3651 ya mpango wa kwanza. Bomba linagandamizwa karibu 2400 badala ya 6000. Zege la chini limechimbwa kubwa kuliko hesabu ilivyodai, kwa sababu mjomba alisimama juu ya shimo akisema bado.

Faili la kijana nimelirekebisha. Lina safu ya urefu wa mlingoti, umbali wa kigingi, na kigingi kiko juu au chini kwa mita ngapi, na linajaribu upepo kutoka kila digrii 5 kuzunguka badala ya kutoka pande mbili. Anayelitaka aniandikie nitamtumia. Ila likikupa namba, ongeza akiba juu yake kama kibandiko cha waya wako kinavyoelekeza, na urudi kukaza klipu baada ya majuma mawili, kwa maana waya mpya hunyooka kidogo ukishaanza kuvutwa.